Mawe Meusi ya Kibati

Ukitoka Goma kwa barabara iendayo Rutshuru, mwendo wa kilometa kumi na kidogo tu, wafika Kibati. Nchi yapanda polepole, baridi yaongezeka, na upande wa kushoto wasimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470. Mgeni apitaye kwa gari haoni la kumsimamisha. Aona nyumba za mbao zenye mapaa ya mabati, kuta fupi za mawe meusi yaliyopangwa bila chokaa, mashamba ya maharagwe na mahindi, na vijana wasukumao chukudu zilizopakiwa magunia. Akiuliza yako wapi majengo ya kale ya mahali hapa, hataonyeshwa ngome wala jumba la matofali lililotimiza miaka mia. Lakini Kibati ni mahali pa kale penye habari nyingi, na habari hizo ziko chini ya miguu yake. Ndizo tutakazo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana wa shule, kwa kuwa watu wawezao kuonyesha kwa kidole mahali nyumba fulani iliposimama wanapungua mwaka kwa mwaka.

Kwanza ifahamike nchi yenyewe. Kibati imo katika utawala wa Bukumu, nchi ya Wakumu, katika wilaya iliyopewa jina la mlima wenyewe. Udongo wake ni mzuri, kwa maana majivu na mawe ya mlima wa moto yakiisha kuoza huwa chakula cha mimea. Lakini nchi hii yenye mvua nyingi haina mto. Maji yanyeshayo hayakai juu. Hupenya katika nyufa za mawe, hushuka chini sana, na kwenda kutokea mbali. Kwa hiyo mama wa nyumba hukinga maji ya paa katika mapipa, na mvua ikikawia hana budi kuyafuata mbali au kuyanunua. Si ajabu kumwona mtu wa Kibati akiutazama mfereji wa bati lake kwa uangalifu kuliko mlango wake.

Pasipo mto hapana kinu cha maji. Huko Ulaya vijiji vingi vilianzia penye gurudumu lililozungushwa na maji, watu wakajenga kulizunguka, na jengo la kinu likabaki kuwa kumbukumbu ya kijiji. Kinu cha Kibati kilikuwa jiwe tu. Katika nchi hizi zote za milima ya moto, hata ng’ambo ya mpaka kule Rwanda, kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la kusagia: jiwe pana lililolazwa kwa mwinamo, na jiwe dogo la kushika mkononi. Mwanamke alipiga magoti, akasukuma na kuvuta, mtama ukatoka unga. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto yakaganda, yafaa mno kwa kazi hiyo. Ina vitundu vidogo vingi, na jiwe likilika vitundu vipya hufunuka, basi halipotezi makali upesi. Watu wa Mayen katika Ujerumani waliijua siri hiyo hiyo: tangu zama za Warumi walichimba lava ya milima yao iliyozimika, wakachonga mawe ya vinu na kuyauza nchi za mbali. Wakumu hawakuuza ng’ambo, lakini jiwe walilolitumia ni ndugu wa jiwe lile. Siku hizi mashine ya kusaga imeshika kazi, na mawe ya bibi zetu mengi yamelala uani kama mawe mengine. Twaona ni vibaya kuyavunja kokoto, kwa kuwa hayo ndiyo majengo ya kale zaidi tuliyo nayo, ijapokuwa hayana paa.

Tuje sasa kwenye habari za vitabuni. Mwezi wa Juni 1894 Mdachi mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alipanda Nyiragongo na kuchungulia shimo lake. Baada yake wakaja wapimaji na wagombanao mipaka. Wadachi, Wabelgiji na Waingereza walishindana juu ya milima hii hata mwaka 1910, walipokubaliana huko Brussels. Tangu hapo Goma ikawa ya Wabelgiji na Gisenyi ya Wadachi, miji miwili pwani ya ziwa moja, iliyokaribiana hata jogoo wa huku akasikika kule.

Vita vilipozuka mwaka 1914 ujirani huo ukawa hatari. Goma ilikuwa chini ya macho ya Wadachi. Kibati ilikuwa nyuma kidogo na juu kidogo. Basi Wabelgiji wakaweka kambi yao hapo, na mwanzoni mwa mwaka 1916 jenerali wao mkuu, Charles Tombeur, alikuwa na makao yake Kibati. Fikirini, wasomaji: kijiji hiki cha maharagwe kiliwahi kuwa mahali palipotolewa amri za jeshi zima. Askari weusi walikusanyika kutoka kila upande wa Kongo, na wapagazi maelfu, waliobeba vyakula, risasi na vipande vya mizinga, wakipanda katika baridi wasiyoizoea. Mwezi Aprili mwaka huo majeshi yakaanza kusonga mbele. Tarehe 6 Mei yaliingia Kigali, na tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikatwaliwa. Historia yawataja maofisa kwa majina. Wapagazi huhesabiwa kwa jumla, kama mizigo waliyoibeba. Nayo kambi? Kambi za namna ile hujengwa kwa miti, udongo na nyasi, na vita vikiisha hurudi kuwa shamba.

Alama ya pili iliyobadili sura ya nchi haikujengwa kwa mawe wala miti. Ni mstari. Mapadre Weupe walikwisha kufungua misheni Lulenga, mbele ya Kibati karibu na Rugari, kabla ya vita ile. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alifika huko akiwatafuta sokwe wakubwa wa mlima. Aliporudi kwao aliomba wahifadhiwe, na tarehe 21 Aprili 1925 serikali ya Wabelgiji ikaanzisha Mbuga ya Albert, ambayo leo yaitwa Virunga. Mpaka wa mbuga wapita kando ya Kibati. Upande mmoja msitu, upande wa pili mashamba, na kati yao hakuna kivuli cha pole pole: jembe laishia pale, mti waanzia hapa. Kituo cha walinzi kikajengwa, na kwa miaka mingi wageni waliotaka kupanda mlima walianza njia yao hapo, mwendo wa saa nyingi na mwinuko wa mita zipatazo 1,500. Walinzi wengi wamekufa katika kazi ya kuilinda mbuga hii, nao wastahili heshima. Lakini mkulima mwenye watoto wengi na shamba la hatua chache huutazama mstari ule kwa moyo mwingine, na si haki kumwita mjinga kwa sababu hiyo.

Sasa tuseme habari ya nyumba, maana mgeni huzidharau. Nyumba ya Kibati husimama juu ya msingi wa mawe meusi. Juu ya msingi huwekwa nguzo za mkaratusi, kisha mbao hupigiliwa ubavuni moja baada ya moja, na juu kabisa mabati. Wenye fedha hupaka rangi. Wengine huacha mbao ziwe kijivu kwa mvua. Yaonekana kama kibanda cha muda, na wako wasemao kwamba watu wa huku hawapendi kujenga vizuri. Twawajibu hivi. Kuchimba msingi mrefu katika lava ni kazi ya nyundo na patasi, si ya jembe. Hata choo huchimbwa kwa taabu kubwa. Nyumba ya mbao ni nyepesi, yakaa juu ya mwamba bila kuchimba sana, na nchi ikitetemeka hucheza bila kuwaangukia walalao. Tena yaweza kufunguliwa. Misumari hung’olewa, mbao na mabati huchukuliwa, na nyumba husimama tena mahali pengine. Mtu aishiye chini ya Nyiragongo na kujenga nyumba iwezayo kuhama, twaona ana akili.

Kwa nini ihame? Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1977, ubavu wa mlima ulipasuka. Ndani ya shimo la kileleni palikuwa na ziwa la moto lililodumu miaka mingi. Usiku mwanga wake mwekundu ulionekana mawinguni, na watu waliuzoea kama taa ya jirani. Siku hiyo ziwa lile lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyembamba kuliko ya milima mingi, hutiririka kama maji, na wataalamu walikadiria kwamba penye mteremko mkali ilikwenda mbio za kilometa 60 kwa saa. Hakuna mtu awezaye kuikimbia. Ilipita, ikashuka, ikaacha juu ya mashina ya miti ukoko mweusi wa kuonyesha kimo ilichofikia. Hesabu ya waliokufa haikuafikiana: wengine walitaja makumi, wengine mamia. Mito ya moto ilisimama karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma.

Miaka ishirini na mitano baadaye, Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, nchi ilipasuka tena kutoka juu hadi karibu na Munigi. Safari hii lava haikusimama nje ya mji. Ilikata sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikaingia ziwani Kivu ikichemsha maji. Watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi kwa miguu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mama wa makanisa ya jimbo lililosimamishwa mwaka 1959, liliharibiwa. Katika mitaa fulani nyumba za ghorofa zilijaa mawe chini, hata ghorofa ya juu ikawa ndiyo ya kuingilia kutoka barabarani. Na kabla mawe hayajapoa vizuri wenyewe walianza kurudi, wakitafuta kwa hatua na kwa kukumbuka mahali kiwanja chao kilipokuwa.

Kati ya misiba hiyo ya mlima iliingia ile ya wanadamu, nayo tutaipita kwa haraka kwa kuwa imeandikwa sana. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaza nchi hii. Kambi kubwa ya Kibumba ilikuwa mbele kidogo ya Kibati. Kipindupindu kikaua watu maelfu, na mwamba ulikuwa mgumu hata makaburi yakawa shida kuchimbwa. Msitu wa mbuga ukakatwa kwa kuni na kwa makaa, au makala kama wasemavyo watu wa Kivu. Mwaka 2008 kambi zilikuwa Kibati penyewe, makumi ya maelfu ya watu kutoka Rutshuru wakilala juu ya mawe. Agosti 2013 vilima vya Kibati vilikuwa uwanja wa vita, ambako jeshi la Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi walipigana na waasi wa M23. Afisa mmoja Mtanzania alianguka hapo. Tena tangu mwaka 2022 hadi mwanzoni mwa 2025 mahema yalijaa Kanyaruchinya, jirani ya Kibati upande wa mjini. Ardhi ile ile ya mahindi imekuwa kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, na shamba, kisha imerudia tena.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste. Jioni mbingu ikawa nyekundu. Hapakuwa na onyo. Chuo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikuwa kimedhoofika kwa kukosa fedha. Nyufa zilifunguka ubavuni, lava ikashuka kupitia upande wa Kibati hata Buhene, ikala maelfu ya nyumba, na kusimama tena karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao thelathini walikufa. Kisha nchi ikatetemeka siku kadhaa, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe. Wengi walikwenda Sake, wengine Rwanda, wakarudi mwezi wa Juni.

Hapa ndipo penye jambo tunalolitaja kwa uzito. Moto ukiisha, hasara ya nyumba hupimwa: mbao ngapi, mabati mangapi. Hasara ya mpaka haipimwi. Kijijini shamba hujulikana kwa alama: mti uliopandwa na babu, ua wa majani, lundo la mawe, njia ya miguu iendayo kwa jirani. Lava hufunika vyote. Yabaki bahari nyeusi isiyo na kwako wala kwangu. Sheria ya ardhi ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, yasema ardhi ni mali ya Taifa, na raia hupewa haki ya kuitumia. Lakini wakulima wengi hushika mashamba yao kwa desturi, kwa neno la chifu na ushahidi wa majirani, bila karatasi. Majirani wakitawanyika, wengine mjini, wengine kambini, wengine kaburini, ushahidi umetawanyika pamoja nao. Ndipo mwenye nguvu au mwenye fedha hufika na karatasi mpya, na mjane huambiwa kwamba shamba lake halikuwako.

Tena mawe yenyewe yana bei. Lava mpya huvunjwa kokoto na matofali ya mawe kwa ujenzi wa mji, na wavunjao, wanaume kwa wanawake, hukaa juani na nyundo kutwa nzima. Je, jiwe lililoanguka juu ya shamba la mtu ni la nani? Twaulizana hivyo, na kila mtu ajibu kadiri ya faida yake.

Basi tunawaomba walimu wa Kibati na Munigi, na makatekista ambao huzijua nyumba zote kwa kuzizungukia, wafanye kazi ambayo haihitaji fedha. Wawape wanafunzi wakubwa daftari. Kila mmoja aende kwa babu au bibi, achore njia, visima vya kukingia maji, miti mikubwa, kanisa, soko, nyumba ya fulani na shamba la fulani, jinsi vilivyokuwa kabla ya 1977, kabla ya 2002, kabla ya 2021. Wazee watatu wakikubaliana juu ya mchoro mmoja, nakala iwekwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo, na nyingine kwa chifu. Vitabu vya ubatizo navyo si vya kudharauliwa: huandika jina la mzazi na la kijiji, na penye shaka huonyesha kwamba ukoo fulani ulikaa hapo miaka mingi. Wako watakaosema mchoro wa mtoto si hati ya serikali. Ni kweli. Lakini mbele ya baraza la wazee ushahidi ulioandikwa mapema, kabla ya ugomvi, una uzito kuliko kelele.

Kazi hii yataka haraka, si kwa sababu ya mlima tu. Lava haikai nyeusi siku zote. Baada ya mwaka mmoja au miwili hutokea juu yake kuvu la kijivu, kama majivu yaliyonyunyizwa. Halafu majani ya jamii ya kangaga katika nyufa, halafu vichaka. Lava ya 1977 imekwisha kufunikwa na majani mahali pengi, na kijana aliyezaliwa baadaye huipita akidhani ni kichaka tangu uumbaji. Mahali pengine watu wamejaza udongo wa kubeba kwa magunia katika mashimo ya mwamba, wakapanda migomba mmoja mmoja.

Barabara nayo ilifanya vivyo hivyo. Mwaka 2021 lava iliikata kati ya Goma na Kibati, na kwa siku nyingi watu wa Rutshuru na wa mjini walikutana juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, mama wakivuka na mizigo ya maharagwe kichwani, watoto wakishikwa mikono wasikanyage nyufa. Kisha mashine zikasawazisha mwamba, magari yakapita. Apitaye hapo leo huona gari limepanda kidogo, likaenda tambarare, likashuka kidogo. Barabara ya kwanza iko chini yake, na kando yake, chini ya jiwe lile lile, mashamba ambayo wenyewe wangali hai.